Wa tano katika mustari

Mujukuu wangu anasoma chimie-biologie hapa Butembo, na anaishi na miye upande wa Mususa. Mwaka ule alianguka interro, mitihani ya darasani, ya kwanza na ya pili, na baba yake akamuambia: "Ukianguka tena, nakuandikisha coupe-couture." Kushona manguo haina ubaya, mais mutoto alilia juu ya daftari yake.

Kilichomushinda ni tablo moja ya masanduku-masanduku, kila sanduku na jina ya kitu: hewa tunayopumua, chuma, zahabu.

"Prof anatuuliza mustari wa pili, koko. Iko munane, na mi nasahau kila mara."

Nilikuwa natoa maharagi kwa maganda. Nikamuambia: "Miye nilizaa munane. Weka kila mutu kwa sanduku yake."

Kwetu jina ya mutoto inafuata namba yake ya kuzaliwa: wa kwanza na yake, wa pili na yake. Ile tablo haikunishangaza.

Akaanza. Lithium, tantine yake mukubwa, binti wangu wa kwanza. Béryllium na bore, bale bana babili ba Beni. Carbone, baba yake. Halafu akaruka: oxygène, fluor, néon.

"Kunabaki sanduku moja, koko. Azote, ile ya tano, haina mutu."

Mutoto wangu wa tano alikufa na surua kule Mabalako, mbele ya kuota meno. Kwa nyumba hatumutaji, sababu ya baba ya huyu mujukuu: ndiye alikuwa anamubeba mugongoni. Lakini kwetu nafasi ya aliyekufa haizibwi. Aliyemufuata alipewa jina ya wa sita. Basi nikataja ile jina, mutoto akaiandika na kalamu ya risasi.

Tukaingia kwa namna bitu bya ile tablo binaungana.

"Kila moja inatafuta kutulia, koko. Tantine, lithium, iko na électron kamoja tu inje. Anakatoa kabisa, anapatia fluor, anayekosa kamoja."

"Ni kweli. Huyo wa saba alikulia kwa mugongo ya tantine yako."

"Baba, carbone, anakosa ine. Hatoi, hanyanganyi. Anaweka kamoja, mwenzake anaweka kamoja, banatumia bote."

"Na néon?"

"Iko kamili. Haiungani na mutu."

"Wa mwisho wangu, wa Oicha. Tangu apate shamba ya kakao, hata simu hapigi."

Alicheka mpaka maharagi ikamwangika.

"Na azote," nikauliza, "anakosa ngapi?"

"Tatu, koko."

Siku ya interro, prof akamwita mbele, akaweka kidole kwa sanduku ya tano. Mutoto akafungua kinywa, ikatoka jina ya baba yake mudogo, yule aliyekufa. Darasa yote ikacheka.

"Huyo ni nani?" prof akauliza.

"Ni azote, prof. Anakosa tatu."

Akamupa point zote.

Magaribi, baba yake alikuja kula kwetu, mutoto akatuhadisia. Alipotaja ile jina, mwana wangu akarudisha tonge ya bukari kwa sahani.

"Nani alikuambia hiyo jina?"

"Koko."

Akaniangalia miye, halafu mutoto wake. Mambo ya coupe-couture hakuisema tena.

"Anza kwa wa kwanza," akamuambia.

Mutoto akaanza pole-pole. Alipofika carbone, baba yake mwenyewe akataja anayefuata.