Siku Mama Alipofyatua Bastola Kubwa

Tonton, mdogo wake mama, alikuwa mwindaji mwenye kibali, na bastola yake ya risasi sita ilikuwa nzito kama pasi ya makaa. Jumapili moja yeye, mama na mimi tulivuka mto kwa pirogi hadi shambani kwake Lubunga. Alipanga mabidoni, madumu ya plastiki yaliyojaa maji, mbele ya kichuguu kikubwa, akatugawia pamba za kuziba masikio, akanionyesha jinsi ya kushika kwa mikono miwili.

Nilifyatua. Kishindo kilinipiga kifuani, mikono ikaruka juu, bidoni likapasuka na maji yakafika hadi kwenye migomba. Nilicheka mpaka machozi.

Mama, aliyekuwa akitugombeza tangu asubuhi, aliweka chini kikapu cha kwanga, ile mikate ya muhogo.

“Bon, lete, na miye nijaribu.”

“Dada, iko na nguvu sana,” tonton alimwonya.

“Na miye niko na nguvu.”

Risasi ya kwanza ilizama kwenye kichuguu. Ya pili ilipasua bidoni katikati. Mama alimrudishia tonton bastola, kisha akaanza kucheza palepale, kitambaa kikamvuka kichwani.

“Weka bidoni ingine!” alipaza sauti. “Weka kubwa!”

Tulirudi jioni tukiwa na mikono inayouma, na ndani ya pirogi hakuna aliyemwachia mwenzake nafasi ya kusimulia.