Hotuba ya Mama Kule Boito

Juzi, katika chuo kikuu cha Kabianga, nilimkuta mjukuu wangu akifanya mazoezi ya hotuba mbele ya viti vitupu. Alisema, akanyamaza, akatazama huku na huku, kisha akaendelea. Nilimkumbuka mama yangu kule Boito, kwenye mashamba ya chai, nilipokuwa mtoto.

Alasiri moja mama alikuwa akichuma majani ya chai, kikapu mgongoni, huku akiihutubia michai kuhusu maji. Wanawake wa kambi ya wafanyakazi walikuwa wamemchagua amwombe meneja wa shamba, kwenye mkutano wa jioni, bomba la maji karibu na nyumba zetu. Kila baada ya maneno machache alinyamaza. Mimi nilidhani anaisubiri michai ijibu.

"Mama Nyaboke, imekubali ama bado?" jirani alimtania.

"Hii imekubali. Imebaki meneja."

Nilisoma ukubwani, ndipo nikafundishwa kwamba msemaji hunyamaza ili neno limfikie msikilizaji. Mama hakufundishwa na mtu, nami sikuwahi kumwambia hivyo alipokuwa hai.

Jioni hiyo, mkutano ulinuka makoti yaliyolowa mvua. Wanaume walizungumza mmoja baada ya mwingine, hata meneja akaanza kutazama saa. Mwenyekiti akasema, "Mama Nyaboke, wakati umetubana. Tufungie tu kwa maombi."

Mama alisimama, akanyamaza kidogo, akaomba kwa sentensi mbili, akaketi. Nilipiga makofi peke yangu, nikidhani hayo ndiyo aliyokuwa akiyatayarisha.

"Umeongea vizuri, Mama," nilimwambia njiani.

Alinishika mkono. Tulipofika nyumbani alichukua mtungi, tukateremka mtoni kabla ya giza kuingia.