Ngozi Kutoka Basotu

Mume wangu alipofariki, shemeji yangu akasema anauza kipande cha chini, kile cha maharage. Kweli kilikuwa chake, alirithi kwa baba yao. Lakini ndicho kinachonilisha mimi na wajukuu.

"Niuzie mimi," nikamwambia.

Akaniangalia miguuni. "Shemeji, na hizo ndala zilizofungwa waya?"

"Ndala hazinunui shamba. Ningoje mpaka mnada wa ng'ombe."

"Haya. Mnada ukipita, mteja wangu anapima."

Hapa Mogitu wananiita mchoyo. Nakunywa chai bila sukari, na mayai ya kuku wangu siyaonji. Mayai yale yalinipa mbuzi, mbuzi wakanipa mtamba, mtamba nikampeleka Basotu kwa mfugaji wa rika langu amtunze. Ndivyo tunavyofanya huku: yeye anakunywa maziwa, ndama ni wangu. Ng'ombe akikaa kwako, kila mwenye shida anamwona, anakuja kuomba umuuze. Karatasi hakuna. Ila ng'ombe akifa, ngozi yake lazima irudi kwa mwenyewe.

Tangu mume wangu augue sikuwa nimekwenda huko. Kesho yake asubuhi nikapanda pikipiki, mimi ambaye hata nauli ya basi naionea uchungu.

Yule mzee aliponiona hakuingoja salamu. Akaingia ndani, akatoka na ngozi iliyokunjwa, akaiweka mbele yangu. Nikatafuta sikio. Mkato wangu, alama ya ng'ombe wangu, ulikuwepo. Nikakaa chini.

"Kiangazi kilimmaliza," akasema.

"Simu unayo. Mbona hukusema?"

"Kifo cha ng'ombe hakipigiwi simu, mama. Unakipeleka na ngozi. Nilikuwa nakuja."

Ndama waliozaliwa hapo hakuna aliyewajua ila yeye. Angesema mtamba wangu hakuzaa, ningemshtaki kwa nani?

Akapiga mluzi. Nyuma ya boma wakatokea majike wawili na dume mmoja, masikio yote yana mkato ule ule.

"Ulidhani nimewala?"

"Nilidhani."

"Mama, wewe ni mgumu!"

"Ugumu ndio uliowazaa hao."

Mnadani niliuza dume na jike mmoja. Shemeji alikuwepo na mteja wake, akanisogelea.

"Hawa ng'ombe wa nani, shemeji?"

"Wa chai bila sukari. Pokea hela yako."

Jike mwingine nilimwacha Basotu. Ile ngozi naikalia nikichambua maharage.