Kifungu cha Kahawa

Ipo siku moja naikumbuka kuliko siku zote nilizofanya kazi Nizwa, mwanangu, na leo nakuandikia habari zake. Mamako kaniambia kwamba huko Sur umepewa kazi ya kuandika kanuni za maadili za kampuni yenu, na kwamba umeifurahia kupita kiasi. Furaha hiyo naijua. Ndiyo iliyonitia hofu.

Nakuita mwanangu kwa haki, maana aliyekuzaa ni dada yangu na mimi ni mamako mdogo, ingawa bado sijafikia umri wa kukaa barazani na kutoa hukumu. Sikuwahi kukubali jambo kwa kuwa limesemwa na mkubwa. Kwa hivyo nawe langu lipime kwanza.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, ya kutoa ushauri kwa wafanyabiashara. Tulikuwa tukienda kwa mteja, tukitazama anavyoendesha kazi zake, tukirudi kumwandikia ripoti ya yaliyo mazuri na yaliyooza. Ofisi ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, njia ya Firq. Mwenye kampuni alikuwa Bwana Seif, mtu mpole, na sisi washauri tulikuwa wachache. Mmoja wetu alikuwa Rahma.

Rahma nilimwonea wivu, mwanangu. Sitatafuta neno laini zaidi. Simu ikilia ofisini nikaipokea mimi, mteja alikuwa akiuliza, "Rahma yupo?" Nikisema hayupo, labda mimi naweza kumsaidia, alikuwa akijibu, "Basi, nitapiga baadaye." Ripoti nilizikeshea mimi, na halua ya wateja ilimjia yeye. Alikuwa mtu wa Sharqiyah, na Kiarabu chake wateja walikijibu kwa kicheko. Changu cha kitabuni walikijibu polepole, kama wanaozungumza na mgeni. Hata Kiswahili, ambacho yeye alikiokota kwa bibi yake na kukivunja kila akifungua kinywa, wazee waliokulia Unguja walimcheka kwa mapenzi. Mimi nilikinyoosha, nao wakinisahihisha! Nilikuwa nikimtazama anavyoingia kwa mteja, anavua viatu, anakaa, anapokea kahawa, anauliza habari za mvua na za mifugo, na kabla kikombe hakijarudi keshapewa yale niliyoyaomba kwa barua tatu na nisijibiwe.

Ikatokea kazi ya Ibra, mji wa huko huko Sharqiyah kwao Rahma. Ilikuwa kampuni ya ukoo mmoja, wenye kiwanda cha tende na malori ya mizigo, nao walitaka washauri wa kukaa nao muda mrefu. Atakayeisimamia angekuwa Rahma au mimi, na kila mtu ofisini alijua. Lakini kabla ya kutia saini walitaka kwanza kuziona kanuni zetu za maadili, na sisi hatukuwa nazo.

"Andika wewe," Bwana Seif akaniambia. "Unabishana na kila kitu, hutaacha tundu."

Nikaandika. Siri za mteja, heshima baina ya wafanyakazi, ukweli katika ripoti, vyote nikaviweka. Kisha nikaandika kifungu kimoja kwa raha ambayo vingine sikuipata: Mfanyakazi hatakula wala hatakunywa chochote kwa mteja, kiwe kikubwa au kidogo.

"Hata kahawa?" Bwana Seif akauliza kikaoni.

"Hata kahawa. Rushwa huanza wapi? Tukiruhusu kikombe, tutakataa sahani kwa hoja gani?"

Kifungu kikapita. Hoja ile hadi leo ina nguvu zake. Rahma alisubiri watu watoke, akaja kusimama mezani kwangu.

"Hii umeniandikia mimi, habibti."

"Nimewaandikia wote."

"Wote wakienda kwa mteja wanakunywa maji ya chupa. Wa kahawa hapa nani, kama si mimi?"

Alisema akicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Bwana Seif akatutuma Ibra sote wawili, tukajieleze, naye achague baadaye. Kanuni alikwisha kuwatumia. Tukapita njia ya Sinaw, Rahma kashika usukani, mimi nikitazama jangwa. Tulipokaribia kufika akaniambia, "Nisikilize. Kikombe cha mkubwa wa ukoo usikiweke chini hivi hivi. Kule ina maana yake."

Nikadhani anatafuta njia ya kukikwepa kifungu changu. "Tumekubaliana hatunywi," nikamjibu.

"Haya," akasema. "Wewe mjuzi."

Mkubwa wa ukoo ule alikuwa mzee aliyeitwa na wote Ami Hamad. Udogo wake ulikuwa Unguja, na nilipomwamkia shikamoo uso ulimfunguka. "Marahaba, mwanangu. Karibuni, kaeni." Wanawe watatu walikuwapo, na mhasibu wao. Zikaja tende, na dele la kahawa akalishika yeye mwenyewe kwa kutuheshimu. Alinimiminia mimi kwanza. Nikakipokea kikombe, nikakiweka mbele yangu juu ya zulia, nikaufungua mkoba kutoa makaratasi.

Nilipoinua macho, wote walikuwa wakinitazama mimi. Mzee alikuwa kaliweka dele chini, na mikono kaikunja mapajani.

"Sema, binti," akasema taratibu. "Haja yako ni ipi?"

Sikuelewa. Rahma akaninong'oneza sikioni, na hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Kwa watu wale, mgeni akikiweka kikombe chini bila kukigusa, anasema: nina ombi, na kahawa yako siinywi mpaka unikubalie. Na mwenye nyumba mwenye kujiheshimu hukubali.

"Usione haya," mzee akaendelea. "Mkataba? Au una ndugu anatafuta kazi? Mbele ya wanangu hawa, hutaondoka hapa mikono mitupu."

Tazama nilipokuwa nimejifikisha, mwanangu. Kifungu nilichokiandika kuzuia upendeleo kilikuwa kimenifanya niombe upendeleo, mbele ya mashahidi. Nikisema sina haja, nimemtusi kwa kahawa yake mwenyewe. Nikisema ninayo, basi iko wapi?

Ilikuwapo. Ilinijia yenyewe mpaka ncha ya ulimi: kazi hii iwe chini ya mkono wangu. Sentensi moja tu. Mzee angetoa neno lake, Bwana Seif asingeweza kulitangua, na Rahma, pamoja na kicheko chake na halua yake, angebaki Nizwa akipokea simu zangu. Nilifungua kinywa. Mpaka leo sijui kingetoka nini, na usiniulize.

Rahma alinitangulia. Alikichukua kile kikombe juu ya zulia, akakishika kwa mikono miwili, akasema kwa Kiarabu chao:

"Haja yetu, ami, ni hii: tukiinywa kahawa yako usitupendelee, na tukiliandika baya lako usitukasirikie."

Mzee akamtazama, akanitazama mimi, kisha akacheka mpaka akajifuta macho. "Imekubaliwa! Haya, kunyweni, mmeshanifunga kamba."

Rahma akanirudishia kikombe, nikanywa. Mzee akamimina tena, nikanywa, akamimina tena, maana hata kukitikisa kikombe kuonyesha nimetosheka sikukumbuka. Rahma akanishika kiganja, akakitikisa yeye. Wana wa mzee wakaangua kicheko. Wivu wangu ulikuwa mkali zaidi wakati ule kuliko wakati mwingine wowote. Kuokolewa na mtu unayemwonea wivu si jambo jepesi.

Tulipokuwa tunavaa viatu, Ami Hamad aliniita pembeni, akaniambia kwa Kiswahili kile cha mjini Unguja ambacho bibi zetu walikuja nacho:

"Kanuni zenu nimezisoma. Kile kifungu cha kahawa, umemwandikia nani?"

"Wafanyakazi wote, ami."

"Hebu. Mimi nina madereva. Nikiwatolea amri leo kwamba marufuku kusimamisha lori Sinaw, hakuna asiyejua namsema Said, maana Said ndiye mwenye mke Sinaw. Said atanikasirikia, hilo dogo. Lakini wale wengine watajua kwamba amri zangu zina majina ya watu ndani yake, na kila mmoja atakaa akingojea yake. Ukiwa na neno na mwenzio, mwambie mwenzio. Karatasi usiitume."

Nilimbishia kidogo, unanijua. Nikamwambia kwamba kanuni inaweza kuwa ya haki hata kama aliyeiandika ana yake moyoni. "Inaweza," akasema. "Basi mpe yule binti aiandike upya, uone kama itabaki vile vile."

Njiani kurudi tuliipita Sinaw. Kisha nikasema, "Rahma, mimi nakuonea wivu."

"Najua," akasema. "Kwani ulikuwa unaficha? Nipe maji."

Kifungu kikaandikwa upya, na maneno yake ni yale aliyoyasema Rahma mbele ya kikombe, mimi nikayanyoosha tu. Kahawa na tende tunapokea, zawadi ya kwenda nayo nyumbani hatupokei, na ripoti haibadiliki kwa lolote. Kazi ya Ibra akapewa Rahma. Hadi leo ikilia simu, mtu akauliza "Rahma yupo?", kuna kitu kinanichoma hapa kifuani.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukimaliza kila kifungu, kisome ukitazama ni uso wa nani unaokujia. Zikija nyuso nyingi, endelea. Ukija mmoja, weka kalamu, nenda ukazungumze naye, hata kama la kumwambia ni la aibu kama langu. Usikitupe kifungu, huenda ni kizuri, lakini mpe yeye akisome kabla ya mkurugenzi. Na usingoje wivu uishe ndipo utende haki. Wangu haujaisha, na kazi nafanya.

Mola akuongozee kalamu yako isimwinde mtu. Akupe elimu, na masikio ya kusikia unapoonywa na usiyempenda. Na siku utakapokaa kwa watu usijue namna ya kukitikisa kikombe, akuwekee ubavuni mtu wa kukushika mkono, hata awe yule yule unayemwonea wivu.