Maiti Aliyekwenda Polisi

Juzi binamu yangu alinitumia kwenye simu kipande cha ile filamu ya mtaa wetu. Nilipouona ukumbi wa parokia na mabenchi yake ya mbao, nikaketi chini. Wewe uliyekulia Kisangani labda unaikumbuka harufu ya ukumbi ule siku ya maonyesho: karanga za kukaanga, mafuta ya mawese, jasho letu watoto.

Kabla ya kuwa filamu, ulikuwa mchezo wa jukwaani, uliotungwa na mwalimu wetu. Mke anamtilia mumewe sumu, halafu wageni wanaanza kumiminika, naye anamkalisha maiti mezani, anamvisha kofia, anamjibia maswali. Muuaji alikuwa jirani yetu, mama muuza lituma za ndizi na samaki. Maiti alikuwa papa mmoja muuza vitenge, mtu wa Butembo. Maiti alipopiga chafya tulicheka mpaka machozi, na koko wangu, yaani bibi yangu, alicheka kuliko wote.

Kisha akaja mtengeneza filamu kutoka Kinshasa, akauchukua mchezo uleule na watu walewale, akawapiga picha ndani ya nyumba ya kweli. Chafya akaiondoa. Tulipoonyeshwa ukumbini, hakuna aliyecheka. Uso wa yule mama ulijaa ukuta mzima, akikoroga chungu polepole. Nilichanganyikiwa. Maneno si yaleyale? Koko alinishika mkono, akanong'ona, “Huyu mama, tunakulaka kwake kila siku.”

Kesho yake wateja walipungua. Mabonge yake ya ndizi za kutwanga yalikuwa yanapoa kwenye sinia. Papa wa vitenge alikasirika, akawa anakuja mchana kula mbele ya watu wote. “Muone! Niko muzima!”

Halafu malaria ikamwangusha. Mtaa mzima ukasema bon, sasa imekuwa kweli, na polisi wakamchukua yule mama. Mwalimu alikimbilia kituoni kueleza kwamba sumu ile aliitunga yeye mwenyewe, kichwani mwake. Wakamweka ndani pia.

Koko akaenda kumwamsha papa wa vitenge kitandani, mimi nikifuata na maji. Alifika kituoni akitetemeka, amejifunika blanketi, akaegemezwa kwenye kiti.

“Chef, mimi sijakufa.”

Polisi akamtazama sana. “Papa, hata katika filme ulikuwa unaikala kwenye kiti vile vile.”

Papa akacheka mpaka akakohoa, polisi naye akacheka. Koko hakucheka. Yule mama na mwalimu wakaachiliwa.

Jumapili yule mama alifunga vyungu vyake, akashuka mtoni kupanda chombo cha kwenda kwa ndugu zake Isangi. Koko alimsindikiza, akamsihi, “Mama, bakia. Mimi nitakulaka kwako.”

“Koko, najua utakula,” akajibu. “Lakini utaniangalia kwanza.”



Siku hizi koko hayupo, mwalimu alihamia Yangambi, na ukumbi umekuwa depo ya saruji. Mpaka leo sijui kama tulimwogopa kweli, au tuliipenda tu hadithi kiasi cha kutotaka iishe. Nikipita mtaani saa sita mchana nanusa mawese, napunguza mwendo, nawatazama wanaokula. Sijui hata natafuta nini.