Lugha ya Mlangoni

Siku hizi vijana wananiletea picha kwenye simu. "Babu tazama hii, ya watu wa nyota." Natazama. Watu wanashuka kutoka juu, hawajui hata kuamkia, halafu mtaalamu mmoja anavaa kidude sikioni, na mara wote wanaelewana kama waliolelewa kwenye chungu kimoja. Nawarudishia simu yao. Huo ni uongo, na uongo wa namna hiyo naujua, maana nimeuuza kwa miaka mingi.

Kabla kila mtu hajawa na sinema yake mfukoni, mimi nilikuwa na kibanda cha video pale Omurushaka. Mabanzi, turubai, televisheni moja, deki, na jenereta iliyokohoa kuliko mgonjwa wa kifua. Niliishia darasa la tatu. Kiingereza sikukijua na sikumwomba mtu anifundishe. Nilisimama kando ya televisheni na fimbo, nikawaambia watu kinachosemwa. Watazamaji wangu walikuwa makondakta, wachuuzi wa ndizi, wakulima waliokuja kuuza maharage. Nusu yao Kiswahili kiliwapiga chenga, kwa hiyo nilichanganya na Kinyambo. Nilichokuwa nasema nilikitoa kichwani mwangu. Mtu akifungua mdomo kwenye picha, mimi namtilia maneno. Akilia, namtafutia msiba.

Picha iliyonijazia mabenchi ilikuwa ya hao wa juu. Wasomi wanaziita hadithi za kubuni za kisayansi. Mpaka leo sijui ile ilisema nini. Niliona mtu amelazwa na nyaya kichwani, anaamka, mkewe anamkumbatia, na yeye anamtazama mkewe kama anatazama mti. Nikawaambia watu: wa juu wamemnyonya kumbukumbu zote, kama unavyonyonya pombe ya rubisi kwa mrija, na mmoja wao ameingia kukaa ndani ya ngozi. Watu walishika vichwa. Mwalimu mmoja akasimama akasema, "Mzee, hivyo sivyo anavyosema." Nikamwambia, "Basi njoo usimulie wewe." Akaja. Akasimulia ukweli wake, watu wakaanza kutoka mmoja mmoja kwenda kukojoa na wasirudi. Nikamnyang'anya fimbo yangu.

Shida ilikuwa moja. Wa juu nao walikuwa na lugha yao, na kama nawapa Kiswahili kama cha watu, watakuwa wa juu kwa lipi? Hapo ndipo nilipomkumbuka mwenye duka la vitambaa. Huyo kwao kwa asili ni pwani, na yeye na mkewe walikuwa na tabia ya kusemezana mbele ya mteja maneno ambayo mteja hayashiki. Walikuwa wanasema kinyume: unachukua silabi ya mwisho wa neno unaitia mbele. Maji yanakuwa jima. Kahawa inakuwa wakaha. Hakunifundisha. Nilisimama dukani kwake najifanya nachagua kitenge mpaka nikaishika, siku nyingine nikamjibu bei yake kwa lugha hiyo hiyo. Alinichukia mpaka alipohama.

Basi wa juu wangu wakasema kinyume, kisha mimi nawatafsiria. Mke wangu alikaa mlangoni kupokea kiingilio, na yeye akaishika haraka kuliko mimi. Ikawa lugha ya kazi. Jenereta ikitaka mafuta, ananiambia. Akitaka maji, "Tele jima," yaani lete maji. Picha ikianza anapaza sauti, "Ngafu ngomla," na mimi natuma mtu afunge mlango. Mtu akipenya chini ya turubai bila kulipa, anapiga kelele, "Zimwi!" Watu wote wanageukia televisheni kutafuta hilo zimwi liko wapi. Mimi nageukia nyuma, maana kwa kinyume hilo neno ni mwizi. Nilitoa nje watu wengi kwa neno hilo na hakuna aliyejua alishikwaje.

Wanetu hatukuwafundisha. Mtoto hafundishwi lugha ambayo wazazi wanamficha.

Kibanda kilikufa simu zilipokuja. Tukarudi Nyabiyonza kwenye ndizi zetu. Mke wangu alikuwa na kibanja chake nyuma ya nyumba, mibuni mitupu, alichokinunua kwa kazi ya mlangoni. Mimi mle niliingia kwa ruhusa. Kahawa yake alianua mwenyewe, na alikuwa na dharau kubwa kwa mtu anayefanya butura, yule anayeuza kahawa ingali mtini, mbichi, kwa mlanguzi, kwa sababu njaa imemzidi au akili imempungua. Alisema mtu wa butura anauza mimba.

Kiharusi kilimpiga akiwa jikoni. Upande wa kulia ukalala. Hospitali wakasema maneno yatarudi kidogo kidogo au hayatarudi. Nikamrudisha nyumbani, nikamlaza chumba chenye dirisha la nyuma ili aone mibuni yake. Kiswahili kilikuwa kimekwenda. Kinyambo cha mama yake kilikuwa kimekwenda. Jina langu lilikwenda nalo. Nilikaa pale kitandani siku nzima namtajia vitu, sahani, kijiko, mimi, naye ananitazama kama yule mtu wa nyaya alivyomtazama mkewe. Nikasema moyoni, sasa wa juu wamenijia kudai hakimiliki yao.

Kisha akasema, "Tele jima."

Nilileta maji. Akanywa. Siku hiyo nilikula ugali wote.

Maneno ya mlangoni yalikuwa yamebaki. Machache, lakini yalibaki. Daktari anaweza kueleza kwa nini. Mimi naona hivi: Kinyambo alipewa, Kiswahili alipewa, ila ile lugha aliifanyia kazi, kila siku, kwa kelele, na mtu hanyang'anywi kirahisi kitu alichokitolea sauti hivyo.

Mwanangu wa kwanza ana duka Omurushaka. Alikuwa anakuja kumwona mama yake, anakaa kidogo, anapita nyuma, anaondoka. Na kila akiingia, mama yake anainua kichwa anasema, "Zimwi." Nilidhani anaota kibanda. Mimi neno nilielewa, mtu sikumwelewa. Kwa nini nimdhanie mwanangu?

Siku moja akanivuta kando. Akasema, "Baba, tuseme ukweli. Yule mle ndani si mama."

"Ni nani?"

"Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha. Mtu ananyonywa, mwingine anaingia kukaa. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka kila neno."

"Nilikuwa natafuta kiingilio, mjinga wewe."

"Basi anasema lugha gani?" Akatoa simu yake, akaisogeza mdomoni mwa mama yake kama anayemlisha. Mama yake akasema alichosema. Mwanangu akanisomea. "Simu inaandika zimwi. Nimeiambia itafsiri, inasema jitu la kutisha. Simu haina chuki na mtu, baba."

Hapo ndipo nilipovichukia vile vidude kwa mara ya pili. Simu ilisikia vizuri kabisa. Masikio yake hayana kosa. Ila haikuwahi kukaa mlangoni.

Wiki haikuisha akaja na mtumishi wa hema la maombi la Kaisho. Sisi ni Walutheri, hatukumwita. Mwanangu alikuwa amekodi gari na mpango ulikuwa mama yake apelekwe huko Kaisho akae hemani mpaka atakapotoka huyo aliyemo ndani. Watu walikaa huko miezi. Wengine walifungwa kwenye nguzo, nimewaona kwa macho yangu nilipokwenda kununua ng'ombe. Majirani walijaa sebuleni. Tulikuwa tumemkalisha kwenye kiti na shuka miguuni.

"Shikamoo mzee," mtumishi akasema. Sikuitikia.

Akamwinamia mke wangu. "Wewe uliyemo humu, sema jina lako."

Mke wangu akasema, "Tele jima."

Mtumishi akawageukia watu. "Mmesikia? Wako tele. Na mkubwa wao anaitwa Jima."

Sebule ikaguna. Nikasema, "Anaomba maji, wewe kondoo." Nikamletea kikombe. Akanywa kwa mkono wa kushoto, nusu ikamwagika kifuani, nikamfuta.

Mtumishi akanitazama kwa utulivu wa mtu aliyeshika samaki. "Kumbe mzee unaielewa lugha yao."

Jirani mmoja aliyekuwa karibu yangu akasogea nyuma hatua. Niliona kilichokuwa kinakuja. Kwenye picha, anayeielewa lugha ya wageni anapewa gari na heshima. Kwetu anaulizwa aliijulia wapi.

"Niliitunga mimi," nikasema. "Ni lugha ya kibanda. Ninyi mliokaa kwenye mabenchi yangu mnanijua."

"Baba, kila mtu anajua ulikuwa unasema ni ya wa juu," mwanangu akasema. "Twende, gari linasubiri. Mama, twende."

Akamshika bega. Mke wangu akamtazama usoni, akasema, "Zimwi." Hakupiga kelele. Alisema kama anavyosema mtu anayetaja jina kwa askari.

Nikapiga magoti mbele yake nikamuuliza, "Zimwi nina?"

Nani kwa kinyume ni nina. Nilikuwa namuuliza mwizi ni nani. Lakini watu walisikia Kiswahili chao, na mtumishi akarukia hapo hapo. "Mzee amekiri mwenyewe! Anasema analo!"

Bibi mmoja akaanza kuimba pambio. Mimi sikugeuka. Nikauliza tena, "Zimwi nina?" Mke wangu akautoa mkono wa kushoto chini ya shuka, akamwelekezea mwanetu kidole. Halafu akauzungusha mkono mpaka dirishani.

"Wakaha," akasema. "Wakaha."

Nikasimama. Nikawaambia, "Mnataka kujua kama ni pepo au ni mke wangu? Pepo hana mibuni. Nifuateni nyuma."

Walinifuata, maana watu wa kwetu hawakosi cha kutazama. Sikuwa nimekanyaga kule tangu augue. Mibuni yote ya upande wa dirisha ilikuwa imekamuliwa, mbichi kwa mbivu, matawi yamevunjwa kama mbuzi wamepita, na chini punje za kijani zimetapakaa. Kwenye shina moja lilikuwa limening'inizwa gunia tupu lililosahauliwa. Upande wa pili bado ulikuwa na mzigo. Alikuwa anauvuna kwa zamu, kila akija kumwona mgonjwa.

Mwanangu alisimama kwenye ndizi, hakusogea.

"Nani aliyeuza?" nikamuuliza.

"Ni butura tu, baba. Kila mtu anafanya. Dawa za mama zilitaka—"

"Dawa nimenunua mimi."

Jirani yule aliyerudi nyuma hatua akasema, "Aa, huyu mama anaona." Wengine wakacheka, kicheko kile kibaya. Mtumishi akasema Mungu ana njia nyingi za kufichua. Nikamwambia, "Kato." Akauliza nini maana yake. Nikamwambia aiulize simu. Wakaondoka na gari lao, likiwa tupu.

Sasa nataka kusema neno kwa hao watunga picha, kama litawafikia. Picha zao zote zinauliza: ukimtoa mtu kumbukumbu, anayebaki ni nani? Mtaalamu anauliza, askari anauliza, mke anauliza huku analia. Aliyelala haulizwi. Mke wangu hajui mimi naitwa nani. Yeye mwenyewe hajui anaitwa nani. Lakini aliona mwizi anapita dirishani kwake na akamtaja, kila siku, kwa neno alilobaki nalo, mbele ya watu ambao kila mmoja alikuwa na lugha mbili tatu na hakuna aliyesikia. Na mimi nilikuwa miongoni mwao, nimekaa pale pale na neno masikioni. Mtu wa namna hiyo mnasema ametoka, amebaki nani? Amebaki mwenye mlango.

Mwanangu alikaa muda bila kuonekana. Kisha akaja mchana mmoja, amebeba mkungu wa ndizi begani, amevaa shati la kanisani. Akasimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Shikamoo baba. Nimekuja kumwona mama."

Nilimgeukia mke wangu, kwa sababu kahawa ni yake na mtoto ni wake. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake anamtazama. Alimtazama sana. Nilingoja lile neno, hakulisema.

Akasema, "Ngafu ngomla."

"Anasemaje?" mwanangu akauliza.

Alisema funga mlango. Hayo tu. Kule kibandani neno hilo lilikuwa moja kwa wote: aliye ndani amekuwa ndani, aliye nje amekuwa nje. Hakusema mwanetu abaki upande gani, na hana neno la kulisemea hilo.

Kwa hiyo nikatafsiri mwenyewe, kama nilivyotafsiri siku zote. Nikauchukua mkungu begani kwake, nikauweka chini ndani, nikamsukuma kifuani mpaka ule mguu ukatoka, nikafunga.