Mifuko ya Bwana Facey

Watu wa Linstead hupenda kusema Bi Zelma Tulloch alikuwa mtakatifu. Waache waseme. Mimi Vashti nilimpikia tangu nina meno yote mpaka nikabaki na ya kuhesabu, na nakwambia hakuwa mtakatifu. Alikuwa na kinyongo, na kinyongo chake alikilea kama wengine wanavyolea mche wa kahawa.

Alikuwa mshonaji Kingston. Tetemeko lilipouangusha mji ule, watoto wa kiume walibaki wakilala juu ya vifusi kama paka. Aliwakusanya, akapanda nao treni mpaka huku bondeni, akaanza na cherehani moja chini ya paa la nyasi. Akawafunza kushona, kutengeneza viatu, kuoka mikate. Jina likavuma, na jina likivuma wakubwa hunusa. Ikaja kamati ya hisani na lango la chuma, na mwenyekiti wake akawa Bwana Aubrey Facey, mwenye shamba la miwa la Harrow Vale.

Facey hakuwa mzungu, asikudanganye mtu kwa ile ngozi yake ya maziwa na chai. Bibi yake aliuza viazi vikuu sokoni Linstead, kikapu kichwani, sawa na bibi yangu. Mikate yake ilitoka kwetu, viatu kwetu, suti kwetu, vyote bure kwa kuwa yeye ni mwenyekiti. Hisani ilikuwa yake, jasho la watoto wetu.

Kisha akamchukua Lester. Bi Zelma alimtoa Lester vifusini angali ananyonya, akamlaza kwenye sanduku la vitambaa kando ya cherehani, na mtoto akakua akijua sindano kabla ya kijiko. "Atajifunza mashine kwangu," Facey alisema. Kinu cha miwa kikamla. Hatukuambiwa. Tulisikia kwa mama muuza samaki wa chumvi, tena majuma yamepita, kwamba kijana alivutwa na magurudumu ya kinu na kufukiwa siku hiyohiyo ndani ya gunia, huko kwenye miwa. Hakuimbiwa wala hakukeshewa.

Bi Zelma alikwenda Harrow Vale kwa miguu, nami nyuma yake. Facey alitupokea barazani na hakutupa kiti.

"Bwana Facey, nimekuja unionyeshe alipolala Lester."

"Zelma, miwa yote ile ni yangu. Nitakumbuka wapi?"

"Hukumwita hata mama yake."

"Mama yake nani? Si ndiyo maana mlikuwa naye nyie?" Akacheka, mkono mfukoni. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuwa mkubwa, hakuweza kusema maneno mawili bila kutia mkono mfukoni. "Nenda nyumbani, mama. Sikukuu ya kuwatuza watoto zawadi nataka suti nyeupe mpya. Siku hiyo natangaza wale vijana wakubwa wote wanahamia kwangu. Mavuno yamefika."

Tulirudi nyumbani. Alinawa miguu, akaketi.

"Anataka suti, Vashti."

"Mtilie upupu ndani."

"Aa, hapana. Huyu nitamshonea ya heshima."

Alishona peke yake, mlango umefungwa, na akaikalia suti ile mpaka asubuhi ya sikukuu yenyewe. Nilipewa niipige pasi. Nikatia mkono mfukoni ninyooshe bitana, mkono ukakosa njia. Nikajaribu mwingine. Yote, ya koti na ya suruali, imezibwa kwa mishono midogomidogo, na uzi hauna fundo. Kwetu suti ya namna hiyo huvaliwa na mtu mmoja tu, naye huvalishwa. Tunaziba mifuko ya maiti ili asipate pa kubebea mawe, akarudi usiku kuyarusha juu ya mapaa yetu.

"Bi Zelma, hii ni suti ya maiti."

"Mifuko ya suti mpya hushikizwa uzi isipoteze umbo. Muulize fundi yeyote."

"Na fundo liko wapi?"

"Uzee, Vashti. Nimesahau fundo."

Nikaipiga pasi vizuri kuliko nguo yoyote maishani mwangu.

Facey alifika amechelewa, akavaa haraka ofisini, akatoka kupanda jukwaani. Uwanja ulijaa: wanawake wa soko, mashangazi wa wale vijana, wakata miwa wake mwenyewe na mnyapara wao, Hubert. Pembeni aliketi mke wa askofu na kofia yake.

"Vijana hawa," Facey akaanza, "kuanzia kesho..." Mkono ukateleza. Akajaribu upande wa pili. Akajaribu suruali. Akainama kutazama, na hapo nikamwona mjukuu wa muuza viazi anarudi usoni mwake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishamaliza.

Bibi mmoja wa mbele akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, wamemvalisha nani huyu?"

Mwenzake akajibu, "Wamemvalisha aliyekwisha."

Mke wa askofu alicheka, akasema fundi amesahau kufumua. Hakuna aliyecheka naye. Bi Zelma alisimama akaanzisha wimbo wa maziko, taratibu, ule ambao Lester hakuimbiwa, na uwanja mzima ukaupokea. Hubert alivua kofia, akatoka. Wakata miwa wakamfuata.

Hakuna kijana aliyehamia Harrow Vale. Nani ampeleke mtoto akafanye kazi kwa maiti? Mashangazi walisimama langoni, na kamati iliona aibu kuwavuta. Miwa ya Facey ilisimama shambani mpaka ikachacha. Mwisho alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni pa jikoni na ile suti mkononi.

"Bi Zelma." Lile Bi nililisikia kinywani mwake kwa mara ya kwanza. "Fumua, tafadhali. Mbele ya watu."

"Nionyeshe kaburi la Lester, nitafumua hapo hapo juu yake."

Aliikunja suti. Kweli hakujua lilipo. Akaenda zake, na mimi nilifurahi, sitaficha.

Facey aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Wauzaji sokoni hawakupokea kitu mkononi mwake. Kisha akafa kitandani, kama watu wema wanavyokufa, jambo lililoniudhi sana. Ndugu zake wakatuletea kitambaa cheupe tumshonee suti ya kuzikiwa.

Bi Zelma alikuwa haoni vizuri tena, lakini alishona mwenyewe. Nilipomtungia uzi wa kuzibia mifuko, akausukuma mkono wangu.

"Iache wazi. Yote."

"Bi Zelma, atarudi huyu."

"Arudi. Arudi kwake Harrow Vale, azunguke kwenye ile miwa mpaka apaone alipomfukia mwanangu." Akapapasa mfuko wa koti, akaupima kina chake kwa vidole. "Nenda uani, Vashti. Niletee mawe, akapige mapaa yake mwenyewe."

Nikaenda, nikamchagulia mazito.